Kikundi: Watoto wa Mwanaisha 🌙

*Jumamosi*

Fatma (London), 14:06: Assalaam aleikum. Kuna aliyezungumza na Mama leo? Nimepiga mara sita, inaita tu.

Hamid (Muscat), 14:09: Wa aleikum salaam. Mimi jana magharibi. Leo bado.

Salim, 14:15: Hata kwangu hashiki.

Fatma: Salim wewe ndo uko karibu. Fanya kitu basi.

Salim: Karibu wapi, dada? Niko Kilimani, Nairobi, si Kisauni huko Mombasa. Treni ya saa tisa hata nikikimbia siipati.

Khalati Rukia, 14:21: Nyie mbona mwanipa presha? Ngojeni nimpigie Zuhura wa nyumba ya chini.

Khalati Rukia, 14:26: Haya. Mwanaisha katoka saa nne na robo, buibui jipya, mkoba wa kahawia, kapanda tuktuk na Bi Salma, wamekwenda hitimani Majengo. Simu kaiwacha jikoni kwenye chaji. Zuhura asema aisikia ikilia tangu asubuhi, ishamchosha.

Hamid: 😂😂 Zuhura ni jirani au ni askari kanzu?

Fatma: Alhamdulillah. Lakini mimi sicheki. Ana miaka 73, yuko peke yake kwenye nyumba ya ghorofa, ngazi zenyewe mwazijua. Siku moja itakuwa si hitima.

Salim: Naunga mkono. Nilishasema aje Nairobi. Kama hataki, tuweke kamera sebuleni na ukumbini.

Fatma: Nyie hamjui huku mambo yalivyo. Wood Green, hapa hapa London, kulikuwa na mwanamke wa miaka 38. Alifariki Desemba 2003, akaja kupatikana Januari 2006. Zaidi ya miaka miwili! Televisheni bado yawaka, zawadi alizokuwa akifunga ziko pale pale. Na waliomkuta si ndugu, ni watu waliokuja kwa deni la kodi. Sehemu ya kodi ilikuwa yajilipa yenyewe kutoka serikalini, ndiyo maana muda wote ule hakuna aliyegonga.

Khalati Rukia: Innaa lillahi. Na majirani?

Fatma: Walikuwepo. Chini kuna maduka, watu wapita kutwa.

Nassir (Osaka), 14:52: Shikamoo wote. Huku jambo hilo lina jina lake kabisa, kodokushi, kufa peke yako. Mwaka 2024 polisi wa Japani walihesabu watu 76,020 waliofia nyumbani wakiishi peke yao, zaidi ya robo tatu ni wa miaka 65 kwenda juu. Si wote waliokaa siku nyingi, wengine hupatikana siku ile ile. Lakini wapo wa mwezi na zaidi.

Nassir: Mpaka kuna birika la umeme, la kampuni ya Zojirushi, wanalo tangu 2001. Mzee akichemsha chai, watoto waletewa ujumbe kwamba limetumika saa fulani. Likinyamaza kutwa, wampigia.

Hamid: Agiza moja.

*Mama ametuma ujumbe wa sauti (dakika 4)*

Fatma: Niko kwenye basi, nani atanieleza?

Hamid, 16:40: Kwa ufupi, katufokea. Kwa urefu, asema hivi: "Hilo birika mimi ninalo, laitwa Bakari. Saa kumi na mbili na nusu yuko chini na mahamri, nateremsha kikapu kwa kamba dirishani. Siku nisiyoteremsha hupiga kelele mtaa mzima wasikie. Mwezi uliopita nilichelewa kwa sababu nilikuwa naoga, nikatoka nikakuta watu watano mlangoni, na mmoja hata simjui. Saa nne mwenye maji. Alasiri muuza kahawa, akinikosa ukumbini auliza. Hapa Kibokoni hata nikikaanga samaki wajua ni changu au ni tafi. Kamera ya nini tena?"

Khalati Rukia: Na mimi hapo niko naye.

Fatma: Na usiku je? Bakari yuko wapi saa nane ya usiku?

(Hapo kikundi kilinyamaza robo saa, jambo lisilo la kawaida.)

Mama, 17:02: hapo fatma umesema kweli

Mama: mwamkumbuka mzee abeid wa nyumba ya pembeni

Khalati Rukia: Allah amrehemu. Alianguka chooni usiku. Alfajiri watu wamsikia akiita, lakini ule mlango wa zamani, mbao kama mwili wa jahazi, na makomeo matatu kwa ndani. Mpaka ukaletwa mtaimbo jua lishapanda. Kafika hospitali, siku ya pili kafa.

Mama: mimi husema kauliwa na komeo

Salim: Na wewe Mama wafunga mangapi?

Mama: yote matatu

Fatma: Mama!

Mama: leo nitafunga kitasa peke yake. ufunguo wa pili nampa zuhura. na simu nitalala nayo. basi mmeridhika

Hamid: Mimi nimeridhika. Ila ajue Zuhura atafungua hata siku ya kutaka chumvi.

Mama: sasa salim. wewe jirani yako aitwa nani

Salim: Yupi?

Mama: wa mlango wa mbele yako

Salim: 7B. Tunasalimiana kwenye lifti.

Mama: sikukuuliza namba

Salim: Mama, ghorofa za Nairobi haziko hivyo. Kila mtu na mlango wake. Kodi natuma kwa M-Pesa tarehe 5, mwenye nyumba hana haja ya kuniona. Chakula boda anakiacha kwa soja wa geti.

Fatma: Yaani kodi itajilipa na hakuna wa kugonga. Salim, soma tena nilichoandika juu.

Salim: Mimi nina miaka 36, Fatma.

Fatma: Na yule alikuwa na 38.

Salim, 17:31: Sawa. Nilikuwa sitaki kusema. Mwezi wa pili niliugua nimonia. Siku nne niko kitandani, kikohozi, homa, mpaka kufika jikoni nashika ukuta. Kazini walinipigia siku ya tatu, wauliza ripoti iko wapi.

Khalati Rukia: Yaa Rabbi.

Mama: siku nne

Mama: na mimi ulikuwa waniambia uko mkutanoni

Salim: Sikutaka upande basi usiku.

Mama: uji nani alikupa

Salim: Sikunywa uji, Mama.

*Mama ametuma ujumbe wa sauti (sekunde 9)*

*Mama amefuta ujumbe huu*

Khalati Rukia: Salim mwanangu, mpigie mamako. Si hapa. Mpigie.

*Jumapili*

Salim, 11:18: Nimegonga 7B.

Hamid: 👀

Salim: Anaitwa Wambui, muuguzi, hufanya zamu za usiku. Kafungua nusu mlango, mnyororo haujatoka, akaniuliza kama nimekuja kulalamika kuhusu mbwa.

Fatma: Mbwa gani?

Salim: Na mimi ndo najua leo kwamba kuna mbwa. Miaka miwili! Nikamwambia sina malalamiko, ni mama yangu amenituma niulize jina.

Nassir: 😂😂😂

Salim: Alicheka, mnyororo ukatoka. Tumepeana namba. Asema kikohozi changu cha mwezi wa pili alikisikia ukutani, siku moja kikakata, akadhani nimesafiri.

Mama, 11:25: mpe ufunguo

Salim: Mama, tumejuana dakika tano!

Mama: basi mpelekee mahamri. na usipeleke kwa mfuko, tia kwenye sahani nzuri

Salim: Kwa nini sahani?

Khalati Rukia: Ati kwa nini sahani! Mwanaisha, huyu mtoto tulimlea wapi?