Mliorudi Kigoma na Tabora na familia baada ya kuishi nje, tupeane uzoefu

Baba Pendo: Habari zenu wakuu. Juzi kaka alinitumia picha ya mama amekaa chini ya mchikichi kule kwetu Gungu, Kigoma. Mke wangu akaiangalia sana, kisha akasema basi, turudi. Tupo Uingereza na watoto watatu, wa mwisho hajawahi kuiona Tanzania. Tunataka kufika Desemba ili Januari waanze shule. Mliopitia, semeni lolote: mizigo, shule, makaratasi, na hasa watoto wenyewe.

bint_ujiji: Uzeni kila kitu. Sisi tulirudi kutoka Muscat, baba akajaza kontena makapeti, majokofu, hadi milango. Kulitoa bandarini na kukodi lori mpaka Ujiji kulimaliza akiba ya kuanzia biashara. Njooni na nguo, vyeti na pesa.

mtu_wa_forodha: Dada, hapo sikubaliani nawe. Anayehamisha makazi ana haki yake kwenye Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004. Vitu vya nyumbani alivyovitumia huko havilipiwi ushuru, na gari moja pia, mradi amelimiliki na kulitumia huko si chini ya miezi 12. Mzigo uingie ndani ya siku 90 tangu yeye afike. Baba Pendo, tunza kadi ya gari na risiti zote, usitupe hata karatasi moja.

bint_ujiji: Na lori la Dar hadi Kigoma linasamehewa na sheria gani?

mvuvi_kibirizi: Nyie mnaongelea kontena. Sisi tulitoka Kalemie kwa boti la mizigo, ziwa limechafuka, mama kamfunga mdogo wetu kiunoni kwa kanga. Tulishuka Kibirizi na masufuria na gunia moja la nguo, na tukaishi. Kilichotuumiza ni shule. Kongo tulisoma kwa Kifaransa, hapa nikarudishwa madarasa mawili, na Kiswahili chetu kikawa kichekesho cha darasa zima. Kaeni na watoto jioni, muwaulize siku ilikwendaje. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Chapa Mwanga: Kweli kabisa kuhusu shule.

Mama Wawili: Sikutaka kuandika, ila mmenikumbusha. Sisi tulitoka Sweden. Mume wangu alitaka watoto waione nchi, tukapanda treni Dar. Kijana wetu mkubwa alikuwa na miaka 13, Kiswahili anakisikia lakini hakisemi. Tabora tukafika usiku. Mnaosafiri mnajua pale treni hukatwa, mabehewa ya Mwanza yanakwenda zake, ya Kigoma yanabaki yakisubiri kichwa cha treni. Kijana alishuka na baba yake kununua chai na asali. Baba akakutana na mtu wa Urambo waliyesoma naye, wakakumbatiana. Mabehewa ya Mwanza yakaanza kusogea. Mtoto akaona treni inaondoka, akajua anaachwa, akarukia.

Mume wangu akaingia behewani peke yake. Nikamwuliza mtoto yuko wapi, akasema si yuko na wewe?

Nilishuka bila viatu. Nimekimbia kile kituo kutoka mwanzo mpaka mwisho nikiita jina, watu wakaamka, wabeba mizigo wakawa wanamulika chini ya mabehewa kwa tochi za simu. Stesheni masta akapiga simu vituo vya mbele. Treni yetu nayo ikapiga honi. Ilibidi mume wangu aendelee na mdogo na mizigo, mimi nikabaki Tabora na kanga niliyoivaa. Mama mmoja muuza chai akanifunika kitenge chake, akafunga biashara, akakaa nami mpaka alfajiri. Hakuniuliza hata natoka wapi.

Simu ikaja kutoka Bukene. Amepatikana, amekaa na bibi mmoja wa Kisukuma anayemlisha karanga, na kila anachoulizwa anajibu "Kigoma, Kigoma." Mchana wakamleta. Baba Pendo, kabla ya kontena, kila mtoto ajue kutaja kwa Kiswahili jina lake kamili, jina la babu, mtaa, na namba ya simu ya mtu aliyepo nyumbani. Kwa kichwa, siyo kwenye simu.

Reli ya Kati: Mungu mkubwa. Nimesoma nimesimama.

Chapa Mwanga: Yule mama wa chai ulimpata tena?

Mama Wawili: Kila nikipita Tabora nashuka kwake. Mwanangu humwita bibi.

kasulu_kwetu: Pole sana mama. Lakini miaka 13 bila Kiswahili, nyumbani mlikuwa mnaongea nini?

Mama Wawili: Nilikuwa nafanya kazi za usiku, nalea wazee wa watu. Yeye anarudi shule, mimi natoka. Usinihukumu.

kasulu_kwetu: Sihukumu, nauliza. Wazazi wengi wanajivunia.

mwana_unyanyembe: Mwangaluka. Kasulu, mwache mama. Mimi nimezaliwa hapa hapa Tabora mjini, bibi yangu wa Uyui hajui Kiswahili vizuri na mimi Kinyamwezi sijui. Tunasalimiana tu halafu tunatazamana. Hilo haliko Ulaya peke yake.

Reli ya Kati: Wapande ndege tu mpaka Kigoma, yaishe.

Chapa Mwanga: Hapana, wapande treni. Wakivuka Malagarasi wataelewa wanakwenda wapi. Ila Tabora asishuke mtu.

Baba Pendo: Mama Wawili, mke wangu amesoma akalia. Kuanzia leo watoto wanajifunza majina. Jamani, makaratasi je? Watoto wana pasi za Uingereza.

mtu_wa_forodha: Hilo lianze mapema. Sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na mtoto mwenye wa pande mbili akifika miaka 18 atatakiwa kuchagua. Wa sekondari wapelekewe matokeo yao Baraza la Mitihani yalinganishwe, la sivyo mbele kidato kitamkwama.

mvuvi_kibirizi: Yaani mtoto wa Gungu achague kama ni wa Gungu. Inaniuma.

kasulu_kwetu: Inatuuma wote. Baba Pendo, Desemba mvua zimekolea huku, njooni na makoti na mabuti. Halafu hujatuambia, gari unaleta au unauza?