Masta ya elimu maalum: nichukue tawi gani, na wapi?

mwl_kaloleni
Salamu walimu wenzangu. Nko Kilifi, shule ya msingi yenye uniti ya watoto wa mahitaji maalum. Nilianza na P1 (cheti cha ualimu wa msingi), nikaongeza diploma ya KISE, ile taasisi ya Kenya ya elimu maalum, ile ya kusoma wakati wa likizo, halafu digrii, sasa nataka masta. Kwenye uniti nina watoto wenye usonji, wenye ulemavu wa akili, na mmoja kiziwi ambaye kawekwa pale kwa sababu shule ya viziwi iko mbali na mamake hana pesa za bweni, na huyo ndiye ananikosesha usingizi manake hanielewi nami simwelewi. Watu wananambia Chuo Kikuu cha Kenyatta (KU), wengine cha Maseno, kuna mmoja kanambia niachane na hayo yote nichukue ushauri nasaha kwani ndio yenye soko. Mie sitaki kutoroka darasa, nataka mtoto akiletwa niweze kujua ana nini na asaidiwe vipi. Nianzie wapi, na pesa je?

Mama_Breli
Mwalimu, chagua watoto kwanza, chuo baadaye. Elimu maalum ina matawi, kuna wasioona, kuna viziwi, kuna ulemavu wa akili, na ukishaingia tasnifu yako itakaa kwenye tawi hilo miaka, kwa hivyo ukichagua kwa sababu chuo kiko karibu na shangazi yako utateseka bure. Kwa vile ulivyoeleza moyo wako uko kwenye upimaji. Basi kabla hujalipa hata ada ya maombi nenda kituo cha EARC, yaani cha kupima watoto wenye mahitaji maalum, kilicho karibu nawe, omba ukae na afisa akipima watoto, uone kazi yenyewe ilivyo, mzazi analia, mtoto hataki kukaa, vifaa nusu havipo. Ukitoka pale bado unaitaka, tafuta masta kwenye ulemavu wa akili na usonji, na mada yako itoke kwenye hiyo hiyo uniti yako.

La pili, na hili naomba ulisikie vizuri. Masta haitakufundisha lugha ya ishara. Utasoma nadharia, utasoma sera, takwimu utasoma mpaka uchoke, lakini mikono yako itabaki vile vile. Huyo mtoto hawezi kukungoja umalize, kila mwezi anaokaa bila lugha ni hasara ambayo hairudi kirahisi. Anza KSL, lugha ya ishara ya Kenya, sasa hivi, na usijifunze kwa vitabu peke yake, tafuta viziwi watu wazima hapo mjini ukae nao, na mama mtu umwite ajifunze pamoja na wewe.

omwalimu_Ksm
Nakubaliana na Mama. Hiyo maneno ya ushauri nasaha wachana nayo kama lengo ni upimaji, ni kozi nzuri lakini ni kazi ingine. Na kama kuna mtu atakuambia uchukue masta ya elimu maalum ndio uwe mtaalamu wa tiba ya usemi, kataa, hiyo ni taaluma ya afya na ina mafunzo yake ya kliniki.

Pesa sasa. HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, iko na mkopo wa masomo ya juu, pia uliza TSC, mwajiri wetu walimu, kuhusu ruhusa ya masomo kabla ujaze fomu ya chuo, usiulize baadaye. Lakini usihesabu nyongeza ya mshahara, TSC haipandishi mtu cheo sababu ya cheti tu. Mahali masta inaweza kukusaidia ni kama unataka kusimama kwa nafasi ya CSO (afisa wa kusaidia walimu na mtaala) wa elimu maalum ama kufundisha chuo. Alafu muda, wanasema miaka 2 lakini kuna laisensi ya utafiti ya NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi, kabla uguse data, kuna ridhaa ya wazazi wa hao watoto, na kuna kuchapisha makala kwa jarida ndio ugradueti. Hapo ndio watu wengi hukwama, si darasani.

binti_tanga
Mimi niko upande wa Tanzania, nilipita Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalum pale Tengeru, Arusha. Kama mnafikiria kuvuka mpaka, Chuo Kikuu cha Kyambogo Uganda wana kitivo kizima cha mahitaji maalum na wanatoa masta. Ila kama tawi lako ni la viziwi kumbuka alama zinabadilika, Uganda wana lugha yao ya alama, Kenya yenu, sisi yetu, utajikuta umesoma kwa alama za kule na mtoto wako nyumbani hakuelewi. Kwa upimaji haina shida sana hiyo.

mwl_kaloleni
Shukrani sana wote. Dada wa Tanga nimekuelewa, kuvuka mpaka basi. Jumatatu naenda EARC, na mama wa yule mtoto nishamtumia ujumbe kuhusu KSL. Sasa kati ya KU na Maseno niangalie kitu gani?

Mama_Breli
Waulize idara nani atakusimamia tasnifu, na ana wanafunzi wangapi sa hivi. Mwenye kuandika kuhusu upimaji na kujibu barua pepe mfuate, awe KU awe Maseno. Kisha watafute waliomaliza chini yake, wakwambie rasimu zilikuwa zikirudi baada ya muda gani.