Mjadala: Raia akiona kitu asichokielewa angani, jeshi ndilo limjibu?

Mleta mada, Kigoma mjini:
Wadau, salaam. Hoja hii ilizuka mwaloni Kibirizi na wengi walisema uchunguzi wa vitu visivyotambulika angani ni kazi ya jeshi peke yake. Mimi napinga, na sababu yangu ni yaliyowakuta Wamarekani.

Jeshi lao la Anga liliendesha mradi wa Blue Book kuanzia 1952 hadi 1969. Lilikusanya taarifa 12,618, na 701 zikabaki bila maelezo. Watu wanazing'ang'ania hizo 701. Mimi zinanisumbua zile zilizopatiwa maelezo.

Machi 1966, jimbo la Michigan, mtu mmoja na familia yake karibu na Dexter waliona taa kwenye kinamasi. Usiku uliofuata wanafunzi wa chuo cha Hillsdale wakaona za kwao wakiwa bwenini. Jeshi likamtuma mshauri wake, mwanafalaki J. Allen Hynek. Haikupita wiki, akawaambia waandishi wa habari kwamba huenda ni gesi ya kinamasi, ile inayotoka kwenye majani yanayooza. Inawezekana kabisa. Lakini mashahidi walichekwa nchi nzima, hadi Gerald Ford, wakati huo mbunge wa Michigan, akadai Bunge liliingilie suala hilo.

Kisha mwaka 1997 ikatoka historia iliyochapishwa na CIA yenyewe, shirika la ujasusi la Marekani. Inasema zaidi ya nusu ya taarifa za mwishoni mwa miaka ya 1950 na za miaka ya 1960 zilitokana na ndege zao za upelelezi, U-2 zikiwemo. Wachunguzi wa Blue Book walikuwa wakilinganisha taarifa za raia na safari za ndege hizo, halafu raia anapewa sababu nyingine. Mwenye siri ndiye aliyekuwa hakimu! Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji, Ujiji:
Mkuu, Michigan si Kigoma. Ng'ambo yetu ni Kongo, kaskazini ni Burundi, na wavuvi wanaporwa injini ziwani usiku. Siku za giza ziwa lote ni taa za dagaa, na mvuvi anaijua taa ya mwenzake inavyopanda na kushuka na wimbi. Akikuambia ile imesimama tuli juu, haichezi, haina mlio, mimi namwamini. Sasa hiyo unampelekea mwanasayansi? Inaweza kuwa droni ya watu wabaya. Jeshi lijue usiku huo huo.

Mleta mada:
Ndugu yangu wa Ujiji, hapo hatugombani. Kulinda mpaka ni kazi ya jeshi na taarifa iwafikie mapema. Ninachokataa ni jeshi hilo hilo kubaki na faili na kutoa jibu la mwisho. Ufaransa tangu 1977 wana kitengo chini ya shirika lao la anga za juu, CNES, ambalo ni la kiraia. Askari anaandika maelezo ya shahidi, wataalamu wanachambua, na tangu 2007 mafaili yanawekwa mtandaoni kila mtu asome. Sisi tuna Mamlaka ya Hali ya Hewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Puto la hali ya hewa, sayari ya Zuhura, satelaiti za Starlink zinazopita kwa mstari baada ya kurushwa: hayo hayahitaji muhuri wa siri. Mvuvi apewe jibu la maandishi, hata kama ni "hatujui".

Mchangiaji, Kibirizi:
Na ikiwa ni ndege ya jeshi letu wenyewe? Hao wa kiraia watajuaje?

Mleta mada:
Basi waambiwe ni suala la ulinzi, na mvuvi aambiwe hivyo hivyo. Atakubali, watu wa mpakani wanaelewa. Lakini kumtungia mtu mzima sababu ya uongo huku ratiba ya ndege iko mezani, na kijiji kizima kikamwona mlevi, hilo sitalikubali.