Shinyanga ilirudishaje miti yake, na sisi Bahi tunakosea wapi?

Mkulima wa Bahi
Kijijini kwetu, mkoani Dodoma, kila msimu wa mvua tunapanda miche, na kila kiangazi tunahesabu iliyokauka au kuliwa na mbuzi. Udongo wa juu umechukuliwa na maji, na makorongo yanazidi kuyasogelea mashamba ya uwele. Nasikia Shinyanga, iliyokuwa ikiitwa jangwa la Tanzania, imerudisha uoto wake. Naomba wanaoijua habari hiyo waeleze kilichofanyika.

Mzaliwa wa Shinyanga
Ndugu, si ukame peke yake uliotufikisha pale. Tangu enzi za ukoloni vichaka vilifyekwa ili kuwaangamiza mbung'o, kisha pamba ikaenea, mifugo ikaongezeka, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na ngitili zao. Ngitili, kwa asiyeijua, ni malisho ambayo Wasukuma huyafunga mvua zinapoanza na kuyafungua kiangazi kinapokolea, wakati nyasi za kwingine zimekwisha. Mwenyewe alipohamishwa, hakubaki wa kuilinda. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, nao ulitangulia na vitalu vya miche, mingi ikiwa ya kigeni, kama mfanyavyo ninyi. Mambo yalibadilika wataalamu walipokubali kuanzia kwenye ngitili zenyewe, kwa kuwa chini ya ardhi iliyodhaniwa imekufa mizizi ya migunga ilikuwa bado hai. Mradi ulipofikia mwisho mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi katika vijiji zaidi ya 800, nyingine za kaya na nyingine za kijiji, zikilindwa kwa sheria za wenyeji kupitia dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji.

Mrangi
Kwetu Kondoa njia ilikuwa ya amri. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianza mwaka 1973 kwa kuchimba makingamaji, na mwaka 1979 Serikali ikaagiza mifugo yote iondolewe katika eneo lililomomonyoka. Uoto ulirudi kwa kasi, hilo halina ubishi, ila kaya zilikosa maziwa na samadi, na hadi leo wazee hawalizungumzi jambo hilo kwa furaha.

Bwana Shamba Mstaafu
Mkulima wa Bahi, kabla ya kuagiza miche mingine, tembea shambani ukatafute visiki vinavyochipua. Chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, pogoa mengine, kisha funga kitambaa ili kila apitaye ajue kwamba kisiki hicho kina mwenyewe. Hapo Dodoma wapo wanaofanya hivyo chini ya jina la Kisiki Hai, na wakulima wa kusini mwa Niger wamerudisha miti katika mamilioni ya hekta kwa njia kama hiyo, bila kununua mche.

Mkulima wa Bahi
Nashukuru sana, wazee wangu. Visiki hivyo tumekuwa tukiving'oa wenyewe kila tunapoandaa mashamba. Nitalipeleka suala hili kwenye mkutano wa kijiji kabla ya mvua, pamoja na lile gumu zaidi la mbuzi, ambao wengi wao, nakiri, ni wa kwangu.