Nyumba nane Shela, kisima kimoja: kitatosha?

Mwenye Kiwanja: Salaam aleikum wakuu. Tunapanga nyumba nane kuzunguka ua mmoja huko Shela, kisiwani Lamu, karibu na matuta ya mchanga. Kila paa lina mita za mraba 120. Mkandarasi anataka kisima kimoja kirefu chenye pampu kubwa. Kuta ni mawe ya matumbawe, lipu ya saruji. Mwaonaje?

Mpima Maji: Waaleikum salaam. Kisima kirefu hapo ndicho kitakachowaharibia. Chini ya matuta, maji matamu ya mvua yanaelea juu ya maji ya bahari. Usawa wa maji matamu ukishuka sentimita 1, maji ya chumvi yaliyo chini yake hupanda takriban sentimita 40. Pampu kubwa ikivuta mahali pamoja, chumvi hupanda hadi mdomo wa bomba, na ikishaingia haitoki upesi. Na si hasara yenu peke yenu: matuta hayo ndiyo yanayowanywesha watu wa mji wa Lamu. Chimbeni visima vifupi viwili au vitatu vilivyoachana, vuteni kidogo kidogo, mpime chumvi kila mwezi.

Maji mengi yatoke kwenye mapaa. Mvua ya milimita 30 juu ya paa moja ni lita 3,600. Toa moja ya tano inayopotea, zabaki 2,880. Lita 120 za mwanzo zimwagwe, ndizo zinazoosha vumbi na kinyesi cha ndege. Birika, yaani tangi la kuhifadhia maji hayo ya mvua, likae chini ya ua, lifunikwe, tundu la hewa liwe na wavu wa mbu. Shimo la maji taka liwe mbali na visima, mita 30 kwa uchache, maana mchanga hupitisha uchafu haraka.

Fundi wa Chokaa: Lipu ya saruji hapana! Inafungia unyevu ukutani, chumvi inaganda nyuma yake na kuisukuma mpaka ibanduke. Pigeni chokaa 1 kwa mchanga 3, matabaka membamba, kila moja linyunyiziwe maji lisikauke haraka. Kwenye zege, mchanga wa ufukweni na maji ya chumvi marufuku: nondo hushika kutu, kutu huvimba, zege hupasuka. Nondo zifunikwe kwa zege la milimita 50.

Mwenye Kiwanja: Ahsanteni sana. Na makuti juu, yanafaa kwa birika?

Mpima Maji: Hayafai, maji yake hutoka na rangi na takataka. Makuti yawe juu ya sehemu ya kupumzikia tu, iachwe wazi upande wa pepo za kusi na za kaskazi. Birika lipokee maji ya paa bapa la chokaa.