Naombeni maneno ya Kiingereza ya mambo ya muda kazini, nahitaji kabla ya kesho kutwa

Mteremko_Sakina: Habari za jioni wakuu. Nipo Arusha, kampuni ya utalii, upande wa kupanga safari na magari. Kiingereza cha kuongea na mgeni ninacho: karibu, tembo yule pale, maji ya moto yapo. Shida ni Kiingereza cha ofisini, hasa cha mambo ya muda: ratiba, kuahirisha, kuwahisha, kumaliza kazi kwa wakati. Barua pepe zinakuja zimejaa "turnaround", "end of business", "at your earliest convenience", mpaka nashindwa kujua huyu mtu ana haraka au ana adabu tu. Naombeni orodha ya maneno muhimu na njia ya kuyashika haraka. Kuna kozi mtandaoni nimeiona, laki na nusu, siku saba unakuwa fasaha. Naombeni ushauri, matusi hapana.

Ngoja_Waje: Nimekaa siti ya mbele, karanga ninazo.

Mzee_wa_Ratiba: Mkuu, kabla ya maneno pata nidhamu ya muda. Kuna mbinu inaitwa Pomodoro, aliianzisha Mwitaliano Francesco Cirillo. Unafanya kazi dakika 25 bila kugusa simu, unapumzika 5, unarudia. Pomodoro ni nyanya kwa Kitaliano, alikuwa anatumia kile kisaa cha jikoni chenye umbo la nyanya. Mimi ilibadilisha maisha yangu.

Dada_Kilombero: Nyanya nauza sokoni Kilombero tangu alfajiri na dakika 25 za kutogusa simu sijawahi kuziona. Wateja wote wako kwenye simu.

Bi_Shangazi: Mwanangu, hiyo kozi ya siku saba usilipe. Mtu hawi fasaha kwa siku saba, anakuwa fukara.

Mwalimu_Chaki: Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka mingi, nikupe kidogo. Orodha ya maneno peke yake haitakusaidia. Neno la Kiingereza lina wenzake linaotembea nao, likariri pamoja nao. "Deadline" unai-"meet" au unai-"miss", huifiki wala huikosi kwa kitenzi chochote kile. Muda unaku-"run out". "On time" ni kwa saa iliyopangwa, "in time" ni kabla mambo hayajaharibika; gari linaweza lisifike "on time" na bado ukaiwahi ndege "in time".

Halafu kuna hii inayoangusha karibu wanafunzi wangu wote: sisi tunasema "hadi Ijumaa" kwa mambo mawili. Wao wanatenganisha. "I will finish by Friday", kazi itakuwa imekwisha Ijumaa au kabla. "I will work until Friday", naendelea kuifanya mpaka siku hiyo. Bosi akikuandikia "by Friday" na wewe ukaanza Ijumaa asubuhi, umeshachelewa.

Namna ya kukariri: kata kadi ndogo, upande mmoja sentensi ya Kiswahili kutoka kazini kwako, upande wa pili ya Kiingereza. Weka kwenye visanduku. Uliyoipata inahamia kisanduku cha pili, utaiangalia baada ya siku chache. Uliyoikosa inarudi cha kwanza, kesho unakutana nayo tena. Sebastian Leitner aliieleza njia hii mwaka 1972. Haina gharama zaidi ya karatasi na mkasi. Ila si kwa kesho kutwa.

Mteremko_Sakina: Asante sana mwalimu. Kuhusu kozi, nimeshalipa nusu. Jamaa alisema ofa inaisha usiku wa jana.

Bi_Shangazi: Aliyeomba ushauri ni nani sasa, wewe au mimi?

Kibo_Kwanza: Kesho kutwa kuna nini, mkuu? Mtu haamki jioni akataka maneno ya kuahirisha na kuwahisha tu bila sababu.

Mteremko_Sakina: Kikao cha kawaida tu na bosi. Tathmini.

Mtu_wa_Ruwi: Mimi nipo Muscat, nimewahi kufanya kazi chini ya Mwingereza. Akaniambia "half eight". Mimi nikahesabu nusu kabla ya nane, nikafika saa moja na nusu asubuhi, nikasimama mlangoni kama mlinzi. Kumbe kwa Mwingereza "half eight" ni saa mbili na nusu. Alivyonikuta hapo akaniona mchapakazi, akanipandisha cheo kabla ya mwaka kwisha. Msiogope kukosea.

Mwana_wa_Goma: Miye niko Goma, sisi tulisoma Kifaransa. Kwetu "délai" ni muda unaopewa. Nikawaandikia wafadhili kwa Kiingereza tunaomba "a delay of two weeks", nikimaanisha watupe wiki mbili za kumaliza. Wakajibu: kwa nini mnatutangazia kwamba mtachelewa? Tangu siku ile Kiingereza nakiogopa zaidi pale kinapofanana na Kifaransa.

Kibo_Kwanza: Mteremko, hujanijibu. Tathmini ya nini?

Mteremko_Sakina: Sawa, nitasema. Kulikuwa na wageni wawili wazee kutoka Uingereza, walimaliza safari yao wakabaki lodge Karatu kupumzika. Gari la kuwapeleka uwanja wa ndege wa KIA lilipangwa Alhamisi. Wakala wao akatuma barua pepe kwamba "the airport transfer has been brought forward by two days". Nikaelewa imesogezwa mbele siku mbili, nikaandika Jumamosi. Kumbe wao walikuwa tayari na mabegi Jumanne. Lodge ikawapa gari lake, ndege wakaiwahi kwa mbinde, bili ikaletwa kwetu pamoja na barua ya malalamiko ndefu. Bosi anataka ripoti ya maandishi kwa Kiingereza. Ndiyo maana nauliza maneno. Hasa nataka namna nzuri ya kusema mawasiliano hayakuwa mazuri.

Mwalimu_Chaki: Pole, hapo umeanguka shimo ambalo Kiswahili ndicho kilichokuchimbia. Kwetu kikao kikisogezwa mbele kimeahirishwa. Kwao "brought forward" kimewahishwa. Na "pushed back", ambayo ungedhani ni kurudishwa nyuma, ndiyo kuahirishwa. Ni kinyume pande zote mbili. Ukiona yoyote kati ya hizo, jibu hapo hapo: "So the new date is Tuesday, correct?" Taja siku, usitaje siku ngapi.

Profesa_wa_Kijiweni: Na hata wao wenyewe wanachanganyikiwa. Mtafiti Lera Boroditsky aliwahi kuwauliza wasemaji wa Kiingereza: mkutano wa Jumatano ijayo "has been moved forward two days", utakuwa lini? Baadhi wakasema Jumatatu, baadhi Ijumaa.

Mteremko_Sakina: Mnaona! Hata wazungu! Hiyo naiweka kwenye ripoti.

Mwalimu_Chaki: Usiiweke. Hiyo ni "moved forward". Wewe uliandikiwa "brought forward", na hiyo haina maana mbili.

Bi_Shangazi: Mimi nina swali la kizee. Wageni wakakosa gari Jumanne. Lawama siku ile alibeba nani?

Mteremko_Sakina: Lilikuwa jambo la ghafla.

Bi_Shangazi: Nani?

Mteremko_Sakina: Dereva. Bosi aliuliza gari liko wapi, nikasema dereva alishaambiwa kwa simu. Amesimamishwa bila mshahara mpaka ripoti itoke. Lakini msinihukumu. Yule ana bodaboda mbili anazikodisha, hali njaa. Mimi nina mtoto anaanza kidato cha kwanza. Na nilipanga kumrekebishia baadaye, mambo yakitulia.

Dada_Kilombero: Kumbe ulikuwa unatafuta Kiingereza cha kumzika mwenzako.

Kibo_Kwanza: Mambo yatulie vipi wakati yeye ndiye anayesubiri? Nenda kesho, sema kwa Kiswahili. Bosi wako hana mtu wa kumtafsiria?

Mzee_wa_Ratiba: Wakuu tusimshambulie. Makosa ya kazi yapo. Cha msingi hapa ni mfumo wa kalenda ya pamoja ambao ofisi nzima inaiona, dereva naye ndani.

Fundi_Saa: Nimesoma uzi wote na nasema hii ni chai, tena ya maziwa, leteni vitafunwa. Nimeendesha magari ya watalii. Kwanza, dereva anaongozana na wageni wake safari nzima, analala hapo hapo, hawezi "kukosa taarifa". Pili, siku ya wageni kuondoka iko kwenye tiketi ya ndege, na ofisi inakuwa na nakala. Mtu anapanga gari la KIA bila kuangalia saa ya ndege? Tatu, uzi kama huu uliwahi kuletwa humu, ila yule alikuwa mhasibu Mwanza na kilichosogezwa kilikuwa ukaguzi.

Ngoja_Waje: Karanga zimeisha, naongeza.

Mteremko_Sakina: Fundi, soma vizuri. Nimeandika safari ilishakwisha. Dereva aliwashusha lodge akarudi mjini. Uzi wa Mwanza siujui.

Fundi_Saa: Na tiketi?

Mteremko_Sakina: Wakala alibadilisha tiketi. Mpya ilikuwa imeambatishwa kwenye barua pepe ile ile.

Fundi_Saa: Ukaifungua?

Mteremko_Sakina: Intaneti ilikuwa inasumbua siku hiyo.

Mtu_wa_Ruwi: Basi si Kiingereza tena. Tarehe kwenye tiketi ni namba.

Fundi_Saa: Nabaki na msimamo wangu, chai. Ila kama ni kweli, basi ni mbaya kuliko chai.

Profesa_wa_Kijiweni: Mimi naamini ni kweli. Mtu anayetunga angejipa sababu nzuri kuliko intaneti.

Mteremko_Sakina: Muamini msiamini, kikao kipo. Mwalimu, nisaidie sentensi moja tu ya ripoti.

Mwalimu_Chaki: "I misread the agent's email and gave the driver the wrong date. The driver was not at fault." Fupi, na kila neno hapo unalijua.

Mteremko_Sakina: Asante. Lakini je, nikiandika "The email was misread", bila kusema na nani, ni sahihi?

Mwalimu_Chaki: Kisarufi, ndiyo.

Mteremko_Sakina: Na ile sentensi ya pili inaweza kuachwa?

Bi_Shangazi: Mwalimu usimjibu.

Mzee_wa_Ratiba: Halafu ile kozi nusu iliyobaki usilipe, omba urudishiwe.

Kibo_Kwanza: Dereva, kama unasoma humu, nitafute pembeni. Nina Noah Moshi inataka mtu wa kuaminika.