Tupeane uzoefu: Umewahi kufungukiana na abiria wa siti ya jirani?

Mwanzisha mada
Habari za mchana wakuu. Mimi nafanya biashara ya mchele, njia yangu ni Dar–Mbeya. Ukikaa kwenye basi zaidi ya kilomita 800 na mtu usiyemjua, unasikia mambo ambayo nyumbani kwake hajawahi kuyatamka. Nataka tulizungumze hili kwa uzito, kwa sababu naona linapotea. Abiria akishakaa tu anachomeka hedifoni masikioni, mnafika mwisho wa safari hata salamu hamkupeana.

Safari ya karibuni nilikaa na mama mmoja wa makamo. Nilimwamkia, akaitikia, akaanza kama tunavyoanza wote: "Unashukia wapi, mwanangu?" Mimi Mbeya, yeye Makambako. Mpaka tunaipita Morogoro tulikuwa kwenye bei ya mafuta ya kula. Basi lilipoingia hifadhi ya Mikumi dereva akapunguza mwendo, watu wakageukia madirishani kutafuta tembo. Yeye akanigeukia mimi. "Ungekuwa wewe, mdogo wako akauza shamba la marehemu baba bila kukushirikisha, ungemshitaki?"

Sikukimbilia kumjibu. Nilimuuliza kama kikao cha ukoo kilikaa, kama kuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa. Hakuna. Nikamwambia mimi ningeanzia Mahakama ya Mwanzo, mirathi ifunguliwe kwanza, ugomvi wa ndugu usubiri. Kisha nikamuuliza kwa nini hajawaomba ushauri watu wa kwao. Akasema, "Kwetu kila ninayemuuliza ana upande wake."

Hapo ndipo penyewe. Mimi simjui mdogo wake, sina cha kupata kwenye lile shamba, na nikishuka siwezi kulipeleka neno lake popote. Tupeane uzoefu: mgeni gani alikufungukia, ulimjibu nini, na wewe unamwambia nini mtu usiyemjua?

Mdau, Same
Mada nzuri mkuu. Huku kwetu mlango wa mazungumzo ni utani. Mimi Mpare, nikipanda basi nikakuta jirani yangu ni Mchaga, hatuna haja ya kutafuta pa kuanzia. Yeye ataniambia Mpare atakushitaki kwa deni la shilingi mia hata akitumia laki kwenye kesi, mimi nitamwambia Mchaga ukitaka kujua kama amekufa kweli dondosha sarafu. Basi zima linacheka. Tukifika Mombo kula, tumeshakuwa ndugu, na hapo ndipo mazungumzo ya maana yanapoingia: watoto, ada, magonjwa. Niliwahi kwenda na mzee wa Machame, baada ya utani wote ule akaniambia taratibu kwamba anatoka kumzika mke wake. Bila ule utani asingelisema. Wahehe na Wangoni walipigana vita karne ya 19, leo ni watani na wanazikana. Wazee wetu walijua namna ya kumfanya mgeni asiwe mgeni.

Mdau, Mombasa
Ukipanda treni ya Madaraka Express daraja la kawaida huna pa kujificha. Viti vinatazamana, meza ndogo katikati, magoti yanagusana na ya mtu usiyemjua kuanzia Miritini mpaka Nairobi. Mwaka juzi alikaa mbele yetu binti mmoja na bahasha ya kaki, kila mara aifungua, asoma, aifunga. Mama aliyekaa kando yangu akamwuliza, "Mwanangu, una nini?" Akasema kesho ana mahojiano ya kazi, ya kwanza maishani mwake, na hajui aseme nini wakimwuliza habari zake.

Basi tukamfanyia mahojiano pale pale. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya ukarani ndiye aliyekuwa mkubwa wa kamati. Akamwuliza swali, binti akajibu huku ameinamisha macho, mzee akamsimamisha: "Niangalie mimi, usiiangalie meza. Anza tena." Kutoka Voi mpaka Mtito Andei alilirudia jibu lile lile la kujieleza, kila mara tukilikatakata. Mama akamwambia asiseme "nilikuwa nasaidia tu dukani", aseme alikuwa akishika hesabu za duka, maana ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya. Mtu huijua thamani yake akiambiwa na asiye na sababu ya kumsifu. Kama alipata kazi ile sijui, lakini alishuka Nairobi akitembea kwa mwendo mwingine.

Mdau, Dodoma
Mwanzisha mada, mimi ni wakili. Ulimshauri vizuri huyo mama. Ongeza hili: mali ya marehemu ikiuzwa na mtu ambaye si msimamizi wa mirathi, mauzo hayo yanaweza kupingwa, lakini asikae kimya muda mrefu. Aende na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo.

Mwanzisha mada
Asante sana wakili. Namba ya yule mama ninayo, nitampigia leo jioni nimweleze.

Mdau, Shinyanga
Nisamehewe nikileta upande mwingine. Kaka yangu alikuwa anakwenda mnadani kununua ng'ombe, fedha taslimu kiunoni. Alikaa na kijana mpole, mcheshi, wakapiga stori kutoka stendi. Kijana akatoa biskuti, akala yeye kwanza, kisha akampa kaka. Kaka alizinduka siku iliyofuata hospitalini, hana fedha, hana simu, hana viatu. Wasamaria wema walimkuta kalala stendi. Mpaka leo akisafiri hazungumzi na mtu, na mama alitukataza sote kupokea hata maji safarini. Huyo kijana hakumwibia kaka peke yake, alimwibia kila abiria mwema atakayekaa naye baada ya hapo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko zile fedha.

Mdau, Nakuru
Pole sana ndugu. Hapa Kenya tunasema mtu "amewekewa mchele", yaani dawa ya kumlewesha, na visa ni vingi, kwenye magari na kwenye baa. Usimlaumu mamako.

Mdau, Korogwe
Mimi nauza machungwa na mayai dirishani mwa mabasi, naomba niseme ninachokiona. Zamani mtu alinunua mahindi ya kuchoma, analivunja hindi katikati, nusu kwa jirani. Siku hizi hilo limepungua, lakini halijafa, limebadilika. Abiria ananinyooshea hela anasema, "Mpe na dada hapa." Mimi ndiye ninayemkabidhi huyo dada mkononi. Anapokea bila wasiwasi, kwa sababu ameliona chungwa likitoka kwenye beseni langu. Na wanapenda vitu vyenye maganda: chungwa, ndizi, yai la kuchemsha. Yai ukilipasua mwenyewe unajua hakuna aliyelifungua kabla yako. Kwa hiyo, mdau wa Shinyanga, mwambie kaka yako aanze na yai. Asikubali yule mwizi amnyang'anye na wenzake wa safari.

Mdau, Shinyanga
Dada, hili nitampelekea kama lilivyo. Ubarikiwe.

Mdau, Morogoro
Nilisoma sosholojia, na jambo hili limeandikwa. Georg Simmel, Mjerumani, mwaka 1908 alieleza kwamba mgeni mpitaji hupewa siri ambazo watu huwaficha hata walio karibu nao, kwa sababu hafungwi na mambo ya pale. Ndiyo ile "kila ninayemuuliza ana upande wake" ya yule mama. Na mwaka 2014 Nicholas Epley na Juliana Schroeder walichapisha utafiti wa abiria wa treni za Chicago. Walioombwa kuzungumza na mgeni waliifurahia safari kuliko walioombwa kukaa kimya, wakati watu walipoulizwa wakisie walidhani itakuwa kinyume chake. Mimi naliona kwenye daladala: kila mtu anadhani mwenzake hataki kusemeshwa, basi wote wananyamaza, na wote walikuwa tayari.

Mdau, Songea
Mimi natoa salamu kisha nalala. Si dharau, mimi ni mwalimu, nimesema wiki nzima.

Mwanzisha mada
Mwalimu, salamu yako inatosha kabisa. Anayelalamikiwa hapa ni yule asiyetoa hata hiyo.

Mdau, Tunduma
Wanawake wenzangu, mimi nasema habari za treni ya TAZARA. Kwenye daraja la pili vyumba ni vya vitanda sita, wanawake chumba chao na wanaume chao. Usiku treni ikisimama porini, taa hafifu, hakuna mtandao wa simu, mnabaki sita na maneno yenu. Nilipanda Dar nikiwa nimetoka kupoteza ujauzito, na nyumbani nilikuwa nimeambiwa nisilie, Mungu atanipa mwingine. Nilipanda kitanda cha juu nikageukia ukutani.

Chini yangu alikuwepo mama wa Nakonde, upande wa Zambia. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, lakini kwao na kwetu wote ni Wanyamwanga, kwa hiyo tulizungumza lugha ya nyumbani. Hakuniambia ninyamaze. Aliniuliza, "Ulikuwa umempangia jina?" Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hilo. Nililitaja, akalirudia, na wale wengine wanne, wengine hata lugha hawakuielewa, walinyamaza kwa heshima. Kisha mmoja baada ya mwingine wakaanza: mimi wawili, mimi mmoja, mimi wa kwanza alifika miezi saba. Chumba kizima. Nikajiuliza tunaficha nini kila siku sokoni, kanisani, kwenye vikoba.

Namba hatukupeana, na naona ni sawa. Yaliyosemwa mle sitaki yanifuate, na nisingeyasema kama ningejua yatanifuata.

Mdau, Maskati
Dada wa Tunduma umenitoa machozi. Mimi nilikuja Oman kufanya kazi za ndani. Kwenye ndege kutoka Dar nilikaa na mzee Mwomani, kanzu na kofia, nikaogopa hata kunyoosha mkono. Akaniambia kwa Kiswahili cha Unguja, "Weye mwanangu, mbona huli?" Kumbe kazaliwa Malindi, Unguja, familia yao iliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964. Aliniuliza kama Forodhani bado wanauza urojo jioni. Nilimweleza yote niliyoyajua.

Kabla hatujatua alisema, "Sasa nisikilize kama baba yako." Aliniambia niandike namba ya ubalozi wetu kwa mkono, kwenye karatasi, niihifadhi mbali na simu, maana simu inaweza kuchukuliwa. Nimwachie na ndugu mmoja kivuli cha pasipoti. Na jina la mtaa wa nyumba nitakayofanyia kazi nilijue siku ya kwanza, nisisubiri wiki. Wakala aliyenipeleka hakuniambia hata moja kati ya hayo, na simu yangu kweli alikaa nayo siku za mwanzo. Karatasi nilikuwa nayo kwenye soksi. Mabinti mnaosafiri, fanyeni hivyo hivyo.

Mdau, Kahama
Kwa upande wa maoni ya biashara, tuwe na kipimo. Jirani yangu kwenye basi alinipigia hesabu za matikiti nyuma ya tiketi: ekari moja, miche kadhaa, faida mamilioni. Alikuwa mkweli, alivuna kweli. Ila yeye analima kando ya mto, mimi nategemea mvua. Nilikipeleka kile kikaratasi kwa afisa ugani wa kata, tukazipitia hesabu upya, mwisho nikalima alizeti. Yule bwana namshukuru hata hivyo, ndiye aliyenifanya niende kwa afisa ugani.

Mdau, Mwanza
Wengi mmeongelea magari, mimi niongelee benchi la kliniki. Mwanangu ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Siku alipogunduliwa nilitoka chumba cha daktari na karatasi mkononi, nikakaa kwenye benchi sisikii hata jina langu linaitwa. Mama mmoja, simjui, mtoto wake mkubwa kidogo kuliko wangu, akasogea. Hakuniambia pole. Aliniambia, "Wa kwangu yuko darasa la tano." Kisha akanifungulia mkoba wake nione: chupa ya maji, sweta hata siku ya jua, kipimajoto, daftari la tarehe za maumivu, vidonge vya folik asidi. "Akipata homa usingoje asubuhi." Nilimrudia daktari na maswali, akanithibitishia yote, tena akanieleza habari za dawa ya haidroksiyurea ambayo nisingejua kuiuliza.

Tofauti na dada wa Tunduma, mimi namba yake niliiomba. Sasa tuko akina mama wachache, tunakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na kila mmoja kwenye siku yake ya kliniki anaangalia benchi kuna nani amekaa peke yake na karatasi mpya. Mzazi yeyote wa hapa Mwanza mwenye mtoto wa hali hiyo, baba au mama, aniandikie faragha. Hata kama hutaki kuja kwenye mkutano, andika tu.